Pampu inaunguruma haizunguki, na ikizunguka haileti maji. Wataalamu msaada

#1 Mkazi_Goba
Wakuu habari. Nina pampu ya nusu HP, zile ndogo zenye kichwa cha chuma zinazouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Inavuta maji kwenye tangi la chini ya ardhi, kina kama mita tatu, na kuyapandisha kwenye simtank ya lita 2,000 iliyo juu ya mnara wa mita sita hivi. Imefanya kazi miaka mitatu bila kunisumbua.

Tulikuwa Songea miezi miwili kwa msiba. Tumerudi juzi, nawasha, inaunguruma tu "mmmm", haizunguki, na baada ya dakika moja hivi inatoa harufu ya joto. Nikazima. Jirani anasema imeungua, ninunue nyingine. Mama watoto anachota kwa ndoo na kamba kupitia mfuniko wa tangi na ana ujauzito wa miezi saba, kwa hiyo nina haraka kweli. Ninunue, au hii inatengenezeka?

#2 Mti_Mkavu
Kapasita hiyo. Badilisha kisha uje na mrejesho.

#3 Dada_Mbezi
Naweka kambi hapa. Yangu nayo inasumbua tangu Jumapili.

#4 FundiMota
Poleni na msiba. Usinunue nyingine kwanza, na tafadhali usimruhusu mama kuinamia ule mfuniko.

Pampu za aina hii zina impela, yaani gurudumu linalosukuma maji, ya shaba ya njano ndani ya nyumba ya chuma, na nafasi kati yake ni ndogo mno, karatasi mbili tatu hazipiti. Ikikaa miezi miwili na maji tumboni bila kuzunguka, kutu ya ile nyumba inaishika impela. Mota nzima, kapasita (kile kikopo kinachoipa mota nguvu ya kuanza) nzima, lakini shafti haisogei.

Zima umeme kwenye swichi kubwa, siyo ile ya ukutani peke yake. Fungua kifuniko cha nyuma cha feni, shika panga zake uzungushe. Shafti nyingine zina mfereji mwishoni wa kuingiza bisibisi bapa. Geuza mbele na nyuma taratibu. Usigonge na nyundo, utaumiza beringi. Ikiwa inazunguka laini kwa mkono na bado inaunguruma ukiwasha, hapo ndipo tuzungumze habari za kapasita.

#5 Mzee_wa_Pongwe
Namuunga mkono #4. Huku Tanga niliwapa watu wa chuma chakavu pampu mbili kwa miaka tofauti, zote zikiwa na dalili hii, na leo najua zote zilikuwa zimekwama tu. Hakuna aliyeniambia nigeuze feni.

#6 Kibo_View
Hakuna aliyeuliza swali la kwanza: uliwasha saa ngapi? Umeme wa kwetu ni volti 230, lakini kwenye nyumba iliyo mwisho wa laini, saa za kupika jioni, unaweza kushuka hadi 180 au chini zaidi. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka inafuata mraba wa volti. Kwa 180 unabaki na kama asilimia 61 tu ya nguvu yake. Inaunguruma, inachemka, haiondoki. Watu wengi wamebadilisha kapasita na pampu nzima kumbe tatizo ni umeme mdogo.

#7 Mkazi_Goba
Ilikuwa saa moja na nusu usiku. Mita ya kupimia sina. Kesho asubuhi naanza na feni ya #4.

#8 Mti_Mkavu
Kapasita.

#9 Mkazi_Goba
Mrejesho. Feni haikusogea kabisa. Nikafungua bolti nne za kichwa cha mbele. Ndani kutu tupu, laini kama unga wa tofali lililosagwa. Impela yenyewe haina panga kama nilivyodhani, ni sahani yenye meno madogo kuzunguka ukingo wote, inafanana na kizibo cha soda kilichonyooshwa. Upande mmoja ilikuwa imeganda na nyumba yake. Nimeloweka kwa siki kama saa moja, nikasugua na msasa mlaini, nikasuuza, nikarudisha. Sasa inazunguka kwa kidole kimoja.

Nimewasha saa nne asubuhi: bado inaunguruma! Ila nikiisukuma feni kwa kijiti inaondoka yenyewe na kuzunguka vizuri.

#10 Mti_Mkavu
Nilisema nini? Mara mbili nimesema.

#11 FundiMota
Safi sana kwa kazi ya mikono. Ila kijiti usirudie, ile feni inakaribia mizunguko 2,900 kwa dakika, kijiti kikirudi kinakutoa jicho.

Sasa ndiyo, Mti_Mkavu ana haki yake. Mota ikisaidiwa kuanza ikaendelea yenyewe, kapasita imekufa au imechoka. Inawezekana iliumia wakati mota imekwama, ukaiwasha mara kadhaa ikachemka. Soma maandishi kwenye mwili wake. Kwa nusu HP mara nyingi utakuta maikrofaradi 8 au 10, volti 450. Nunua namba ile ile. Na kabla ya kuishika itoe chaji, unganisha ncha zake mbili kwenye taa ya kawaida ya wati 60. Inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

#12 Nyali_Kwetu
Salamu kutoka Mombasa. Hata mimi ilinitokea vivyo hivyo, kapasita ilivimba tumbo kama mkate uliotiwa hamira nyingi. Lakini kwetu maji ya kisima yana chumvi, na hiyo nyumba ya chuma haimalizi miaka miwili. Ya tatu nilinunua yenye kichwa cha chuma kisichoshika kutu. Bei yake ilinikera, lakini mpaka leo yapiga kazi.

#13 Bi_Kigamboni
Nyali umenena. Huku kwetu maji ya chumvi yanakula kila kitu hadi bolti. Mimi kila nikisafiri namwachia mpangaji kazi moja tu: awashe pampu dakika tano kila Jumamosi. Mkazi_Goba ungeacha hata jirani akuwashie, hiyo kutu isingepata nafasi ya kushika.

#14 Mkazi_Goba
Kapasita imewekwa. Nimemwita fundi wa mtaani maana waya nilikuwa naziogopa. Pampu inaondoka vizuri, haisiti. LAKINI MAJI HAYAPANDI. Inazunguka tu, sauti nyepesi. Nimejaza maji pale kwenye kizibo cha juu mara tatu. Yanatoka kidogo dakika moja, yanakata. Fundi amesema pampu imechoka, ninunue nyingine. Huyu ni mtu wa pili kuniambia ninunue.

#15 Mti_Mkavu
Futivalvu.

#16 Kibo_View
Au hewa kwenye bomba la kuvutia. Ulifungua kichwa cha pampu, lazima uligusa yunioni, kile kiungo cha kufungulia bomba, ya upande wa kuvutia. Ile raba ya ndani ikikaa upande kidogo, pampu inavuta hewa badala ya maji. Hewa ni nyepesi, pampu itaipenda kuliko maji.

#17 Sokoni_Kwanza
Hiyo nusu HP ni ndogo, ndiyo maana. Chukua HP 1, sawa na wati 1,000, itavuta hata kisima cha mita 15.

#18 Kibo_View
#17 nakusahihisha mambo mawili. HP moja ni wati 746. Na pampu iliyokaa juu haivuti mita 15 hata ukiiwekea injini ya lori. Pampu haiyavuti maji kama mtu anavyovuta kamba, inaondoa hewa kwenye bomba, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Usawa wa bahari uzito huo unabeba maji mita 10.3 tu, na hapo ni kama bomba lingekuwa kamili, halina msuguano. Kwa vitendo ni mita saba, nane ukibahatika. Huku Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, unapungukiwa na zaidi ya mita moja na nusu hapo hapo. Kisima cha mita 15 kinataka pampu ya kuzamisha, au ile ya mabomba mawili.

#19 Sokoni_Kwanza
Nimeelewa mkuu, asante. Kuna mtu alitaka kuniuzia HP moja na nusu kwa kisima cha mita 12. Umeniokoa.

#20 FundiMota
Mkazi_Goba, umwambie huyo fundi aonyeshe waya alivyozirudisha. Mota hizi za kapasita moja zina koili mbili. Kapasita ikihamishiwa koili nyingine, mota inazunguka kinyume. Na pampu ya impela ya meno kama kizibo cha soda ikizunguka kinyume, upande wa kuvutia unageuka wa kusukuma. Inasukuma maji chini kuelekea futivalvu, ile valvu ya mwisho wa bomba ndani ya tangi, futivalvu inafunga, maji hayaendi popote. Kwenye kichwa cha pampu kuna mshale. Zima, angalia feni inavyopunguza mwendo, ilinganishe na mshale.

Na niambie ameweka kapasita ya namba gani.

#21 Dada_Mbezi
Jamani hii ya kuzunguka kinyume sikuwahi kuisikia maishani. Natoka nje sasa hivi kuangalia yangu.

#22 Mkazi_Goba
Mshale na feni vinakwenda upande mmoja. Kapasita ya zamani imeandikwa 10, aliyoweka ni 6. Anasema 10 hakuwa nayo, na hizi zinaingiliana.

#23 Mti_Mkavu
Haziingiliani.

#24 FundiMota
Haziingiliani, nami nasikitika kwa sababu fundi anajua. Kwa 6 itaondoka ikiwa nyepesi, tumbo halina maji ya kutosha. Siku bomba limejaa na umeme umeshuka, itarudi kuunguruma, na hata ikiondoka itachemka kuliko kawaida. Tafuta ya 10. Hata hivyo, maji kutopanda kabisa siyo kosa la kapasita kama mota inazunguka kwa kasi yake.

#25 Bi_Kigamboni
Mwanangu, fanya jaribio hili, halihitaji fundi. Zima pampu. Jaza maji pale kwenye kizibo hadi yafike mdomoni, uache wazi. Kaa uyatazame dakika tano. Yakishuka, futivalvu inavuja, maji yanarudi kwenye tangi. Yasiposhuka, futivalvu ni nzima, basi tafuta hewa kwenye viungo.

#26 Kibo_View
Jaribio zuri, Bi Mkubwa. Na kwa viungo, wengi wanapaka povu la sabuni wakitafuta mapovu. Upande wa kuvutia hautoi mapovu, unameza. Paka grisi nzito kwenye kila kiungo pampu ikiwa inazunguka. Kiungo kinachovuta hewa, grisi itaingia ndani kidogo na sauti ya pampu itabadilika ghafla.

#27 Mkazi_Goba
Yanashuka! Dakika mbili tu yameshaondoka machoni.

Nimefungua yunioni na kulitoa bomba la inchi moja lote nje. Chini kabisa kuna kile kichujio, na ndani yake valvu ya shaba yenye springi na kiraba cheusi. Kati ya kiraba na kiti chake kulikuwa na kipande cha ganda la konokono, kidogo kama nusu ya punje ya mchele, na mchanga kidogo. Kwa hicho tu maji yote yanarudi. Kiraba kimeacha alama ya duara pale kilipokuwa kinakaa kwenye ganda. Nimesafisha, nimekigeuza upande mwingine.

#28 Mti_Mkavu
Futivalvu. Karibu.

#29 Mzee_wa_Pongwe
Konokono ametokea wapi ndani ya tangi lililofunikwa? Mfuniko wako una nafasi, mwanangu. Panapoingia konokono na mjusi anaingia, na watoto wanakunywa maji hayo. Ziba.

#30 Bi_Kigamboni
Mzee amesema. Na mkisafisha tangi la chini msiingie peke yenu. Fungueni mfuniko mapema, hewa ipite, na awepo mtu juu ameshika kamba. Tangi lililofungwa muda mrefu hewa yake si ya kuamini. Kwetu mtaani kijana alishuka akalegea akiwa na ndoo mkononi, bahati walikuwa watatu juu wakamvuta.

#31 Sokoni_Kwanza
Swali nje ya mada: hizi pampu zinakula umeme wa LUKU kiasi gani? Mpangaji wangu analalamika kila wiki.

#32 FundiMota
Nusu HP inatoa wati 370 kwenye shafti, lakini inavuta zaidi ya hapo ukutani, chukua 500 hadi 600. Ikitembea saa moja na nusu haifiki uniti moja. Kama mpangaji anamaliza uniti tano kwa siku kwa ajili ya pampu, kuna bomba linavuja au ina presha kontroli (swichi inayofuata presha ya maji) inayowasha na kuzima usiku kucha kwa sababu ya tangi la choo linalopitisha maji. Hilo la choo nimelikuta mara nyingi mno. Mtu anabadilisha presha kontroli, kumbe ni kiraba cha chooni.

#33 Dada_Mbezi
FundiMota umenigusa. Yangu ndiyo hiyo hiyo, inawasha sekunde tatu inazima, inawasha tena, hata usiku wa manane hatujafungua koki yoyote. Nilidhani ni pepo. Naenda kutia bluu ya kufulia kwenye tangi la choo nione kama inashuka kwenye sinki.

#34 Mkazi_Goba
MREJESHO. Maji yamepanda! Saa tano asubuhi. Nimepima kwa ndoo kwenye mdomo wa simtank, lita 20 zinajaa kwa sekunde 50. Mama watoto amesimama chini anasikiliza maji yanavyogonga tangi. Mungu awabariki wote.

Ila imetembea kama dakika 15, ikazima yenyewe. Nikaishika, moto. Baada ya nusu saa ikawaka tena, dakika 15 tena, ikazima.

#35 Kibo_View
Hicho ni kinga ya joto ndani ya koili. Inakata mota isiungue, ikipoa inarudi. Swali ni kwa nini inachemka. Mimi nabaki pale pale: pima volti wakati inatembea, siyo ikiwa imezimwa.

#36 FundiMota
Mimi nasema ni ile kapasita ya 6. Koili ya pili haipati inachostahili, koili kubwa inabeba mzigo wote.

#37 Mti_Mkavu
Beringi. Imelala na maji miezi miwili, sili ya shafti ikapitisha maji, kutu ikaingia. Zima, zungusha kwa mkono ikiwa ya moto, usikilize.

#38 Nyali_Kwetu
Au umefunga bolti za kichwa kupita kiasi, impela yakwaruza ukuta. Ulitoa gasketi ya karatasi ulipofungua? Ukiirudisha nyembamba kuliko ile ya kwanza, nafasi inapungua na mota yalemewa. Mimi nilikata gasketi kwa kasha la viatu, ikawa nene, presha ikapotea. Nikakata kwa karatasi nyembamba, ikakwaruza. Mara ya tatu ndipo ikakaa.

#39 Mkazi_Goba
Nyali, gasketi ilichanika, nikaweka gundi ya silikoni mahali pake. Sikujua kama unene wake una maana.

#40 Nyali_Kwetu
Una maana kubwa.

#41 FundiMota
Hapo Nyali amenipa cha kufikiria. Kwa pampu hizi unene wa gasketi ndio unaopima nafasi ya impela. Lakini ingekuwa inakwaruza ingesikika, na lita 24 kwa dakika kwa mnara wa mita sita ni kazi nzuri. Pampu inayokwaruza haitoi hivyo. Narudi kwenye kapasita.

#42 Kibo_View
Itasikikaje na feni inapiga kelele vile?

#43 Mkazi_Goba
Nimeazima mita kwa mwalimu wa ufundi hapa jirani. Saa nne asubuhi pampu ikitembea: 221. Saa moja na robo usiku ikitembea: 188, na taa ya barazani inafifia ikiondoka. Usiku imekata baada ya dakika 9. Asubuhi imekwenda 17. Nimeizungusha kwa mkono ikiwa ya moto, ni laini, ila kuna mahali pamoja kwenye mzunguko inashika kidogo sana kisha inaachia.

#44 Kibo_View
188. Nilisema tangu #6.

#45 Mti_Mkavu
Mahali pamoja inashika. Beringi.

#46 Nyali_Kwetu
Mahali pamoja inashika ni impela yagusa ukuta. Beringi mbovu mara nyingi hukwaruza mzunguko mzima.

#47 FundiMota
Na asubuhi kwenye 221 bado imekata kwa dakika 17, kwa hiyo volti peke yake haitoshi. Weka 10 kwanza kwa sababu ndiyo rahisi kuliko yote, kisha pima tena muda ule ule wa asubuhi. Ukibadilisha kapasita, gasketi na beringi kwa siku moja hatutajua lolote.

#48 Dada_Mbezi
Bluu imeshuka kwenye sinki la choo cha wageni! Nimebadilisha kiraba, pampu imelala kimya usiku mzima kwa mara ya kwanza wiki hii. Asante FundiMota.

#49 Mkazi_Goba
Hongera dada. Mimi naenda Kariakoo Jumatatu kutafuta 10, na karatasi ya gasketi nanunua vile vile, naiweka akiba. Kwa sasa tunawasha alfajiri dakika 12, tunaipumzisha, tunawasha tena. Simtank imejaa jana saa tatu asubuhi, na ule mfuniko nimeupigia saruji ukingoni, nikaweka kufuli. Mama watoto ameuliza Mti_Mkavu anaandika kwa nini neno moja moja.

#50 Mti_Mkavu
Bando. Mpe pole. Na beringi ni 6201, soma ubavuni kabla hujanunua.